Kununua nyumba kwa mwenyewe anayeuza mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na magharibi

Mwenye nyumba anauza mwenyewe, hakuna broka. Je, nitapata bei nafuu?

Huenda ukapata. Lakini kilichoondoka ni kamisheni ya broka tu. Kazi aliyokuwa akiifanya bado ipo, na sasa imekuangukia wewe. Ni wewe utakayemkumbusha muuzaji kutafuta stakabadhi za kaunti, kumweleza kwamba anahitaji wakili wake, na kumuuliza kama PIN yake ya KRA (namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya) bado inafanya kazi.

Muuzaji wa mara ya kwanza hana hila, ila hana hesabu pia. Anataja bei akidhani shilingi zote zitaingia mfukoni mwake. Mwezi mmoja baadaye anasikia kuna kodi, anaongeza bei. Shemeji anamwambia ya jirani ilitajwa juu zaidi, anaongeza tena. Mauzo ya namna hii huvunjika zaidi kwa mambo yaliyozuka katikati ya safari kuliko kwa bei yenyewe. Ndiyo maana gharama zote zinafaa kuwekwa mezani kabla ya mtu yeyote kutaja tarakimu.

Bei aliyotaja aliitoa wapi, na nitaishushaje bila kumvunjia heshima?

Mara nyingi imetoka katika mojawapo ya sehemu tatu: bei ambayo jirani alitaja (wala si aliyouzia), pesa alizotumia kujenga, au haja aliyonayo, kama karo, bili ya hospitali au nyumba anayomalizia ushago. Jua kwanza ni ipi, kwa sababu kila moja ina jibu lake.

Akisema "jirani aliuza hivyo", muulize kwa upole kama jirani huyo alishalipwa na kuhama. Bango lililokaa ukutani miaka miwili ni ndoto ya mwenye nyumba, halikupi bei ya mtaa. Akisema "nilijenga kwa pesa nyingi", usibishane naye juu ya simenti yake. Nyumba ya vyumba vitano kwenye ploti ya 40 kwa 80, katikati ya nyumba za kupangisha za chumba kimoja, haiwezi kurudisha gharama zake hata ingekuwa na vigae vya Italia. Hapo mthamini aliyesajiliwa anasaidia kuliko mdomo wako, maana yeye si upande wako wala wa muuzaji. Mpe muuzaji nakala ya ripoti, hata kama ni wewe uliyeilipia.

Kama bei imetoka kwenye haja, bei yenyewe haitasogea sana, ila masharti yatasogea. Mtu mwenye watoto shuleni Nakuru atakubali kupunguza ukimwachia akae hadi muhula uishe. Anayejenga Kakamega anaweza kujali tarehe ya malipo kuliko laki moja ya ziada. Tangi la maji la lita 5,000, paneli za sola, makabati ya jikoni: vyote hivi ni vya kupatania.

Kasoro za nyumba zigeuze ziwe namba. "Paa linavuja" ni malalamiko tu, na muuzaji atakujibu halijawahi kuvuja. Karatasi ya fundi inayoonyesha idadi ya mabati, mbao za kubadilisha na malipo ya ufundi ndiyo inayoshusha bei.

Kuhusu adabu: usipatane kwa simu, na usianze na nusu ya bei. Mzee atachukulia ni dharau, na hatakuambia amekasirika; ataacha tu kupokea simu zako. Usimuulize "bei ya mwisho ni ngapi, mzee?" siku ya kwanza mbele ya wanawe. Akishataja namba mbele yao, heshima yake itamzuia kuishusha. Kaa naye pamoja na mama wa nyumba, waonyeshe hesabu, toa bei moja yenye sababu, kisha waache walale nayo.

Gharama ni zipi, na nani analipa nini?

Tuseme mmekubaliana milioni 6 kwa nyumba iliyo ndani ya jiji la Nakuru.

Mnunuzi analipa ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani. Hapa ni 240,000. Ushuru huu hufuata thamani atakayotoa mthamini wa serikali. Akisema nyumba ni ya milioni 6.5, utalipa 260,000. Weka akiba ya tofauti hiyo. Mnunuzi pia hulipa wakili wake. Kiwango cha chini kisheria ni asilimia 2 kwa milioni 5 za kwanza, isipungue 35,000, pamoja na VAT.

Muuzaji analipa kodi ya faida ya mtaji, na hapa ndipo wengi hushtuka. Tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15 ya faida. Zamani ilikuwa 5. Kama alinunua ploti kwa 700,000 na kujenga kwa milioni 3.3, faida ni milioni 2 na kodi ni 300,000. Asipokuwa na risiti za ujenzi, faida kwenye karatasi inavimba na kodi inavimba nayo. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa huishia KRA. Kuna nafuu: ikiwa ni makao yake mwenyewe na ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza, faida hiyo haitozwi. Mwambie mapema, ni habari njema inayoweza kukupunguzia bei.

Malimbikizo ya kodi ya ploti ya kaunti ni yake, pamoja na kodi ya ardhi ya serikali kuu ikiwa hati ni ya kukodisha. Muulize mara ya mwisho alilipa lini. Wengine hawajalipa kwa miaka, na adhabu imekuwa ikipanda kila mwezi.

Anataka tuandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue.

Kataa. Ni kosa la jinai, mthamini wa serikali hatafuata namba yenu, na mauzo yakivunjika utaweza kudai kile tu kilichoandikwa.

Nianze kukagua nini kwenye hati?

Omba nakala ya hati na kitambulisho, kisha fanya sachi rasmi, yaani upekuzi wa rejesta ya ardhi. Sachi inaonyesha jina la mmiliki, ukubwa, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Ifanye kabla ya kutia sahihi, na uirudie kabla ya kulipa salio. Zuio linaweza kuwekwa na ndugu mwenye kinyongo siku yoyote katikati.

Soma ukubwa kwa makini. Hati huandikwa kwa hekta, wakati muuzaji anaongea kwa futi. Ploti ya 50 kwa 100 ni hekta 0.0465 hivi. Watu huiita "robo ya nusu eka", lakini hiyo kamili ni hekta 0.0506. Ukiona 0.03 kwenye sachi, hiyo ni 40 kwa 80, hata muuzaji aape. Mara nyingi hadanganyi. Aliambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Halafu chukua ramani ya usajili wa eneo na uende na mpima ardhi aliyeidhinishwa kutafuta bikoni (alama za mipaka). Anahakikisha mambo matatu: nyumba iko kwenye namba hiyo hasa, ukuta haujaingia kwa jirani, na njia ya kuingilia ipo kwenye ramani. Njia ambayo "tumekuwa tukipita tu" inaweza kufungwa kesho.

Majina nayo husumbua. Hati imeandikwa jina la ubatizo na la ukoo, kitambulisho kina matatu na herufi zimebadilika. Hurekebishwa kwa hati ya kiapo au kwa utaratibu wa kubadilisha jina, ila mjue mapema. Hati ikiwa imepotea, kuna kuripoti polisi, kuapa, na tangazo la siku 60 katika Gazeti la Serikali kabla ya hati mpya kutolewa.

Hana hati miliki, ana cheti cha shea.

Hili ni la Nakuru zaidi, kwa sababu mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za wanahisa na kugawanywa kwa kura. Cheti cha shea kinaonyesha kwamba mtu ana haki katika kampuni. Hakikupi ploti iliyosajiliwa. Hati mama, yaani hati ya shamba zima, inaweza kuwa bado iko kwa kampuni, na ploti moja inaweza kuwa na vyeti viwili. Maoni yetu: mwambie akamilishe hati kwanza, kisha muuziane. Usipoweza kusubiri, nunua ukijua umenunua nafasi kwenye foleni ya hati tu.

Hati ina jina la marehemu baba yake.

Basi bado hawezi kuuza, hata kama yeye ndiye kifungua mimba na ukoo wote unamtambua. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Kwa kawaida uthibitisho huo huombwa miezi 6 baada ya hati hiyo ya usimamizi kutolewa. Anayeuza kabla ya hapo anaingilia mali ya marehemu, na dipoziti yako haina pa kushika. Barua ya chifu inaanzisha safari ya mahakama, haiimalizi. Kisumu, Siaya, Vihiga na Bungoma hili ni jambo la kila siku, kwani hati nyingi bado ziko kwa jina la babu.

Mke au mume lazima akubali? Na watoto?

Mwenzi lazima akubali kwa maandishi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mwenzi, na msajili wa ardhi hudai hati ya kiapo ya mwenzi huyo. Asiye na mwenzi huapa hivyo. Mwenye wake wawili, usitosheke na yule unayemwona nyumbani.

Watoto wazima hawana kura hiyo kisheria kwa mali ambayo mzazi alijinunulia. Lakini kwa ardhi ya familia, bodi ya ardhi (inayoidhinisha mauzo ya ardhi ya kilimo) hupenda kuwaona, na mtoto aliyefichwa ndiye anayekuja kuweka zuio. Omba kukutana nao kabla ya dipoziti.

Je, tunahitaji kibali cha bodi ya ardhi?

Ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, ndiyo, hata kama juu yake imesimama nyumba ya ghorofa. Viungani mwa Nakuru, kama Kiamunyi au Bahati, na pembezoni mwa Kisumu, ploti nyingi ndogo zinatokana na mashamba ambayo matumizi yake hayajabadilishwa. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa sahihi. Bila kibali mkataba unabatilika, nawe unabaki kudai pesa zako kama deni. Bodi hukaa kwenye kaunti ndogo kwa ratiba yake, kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Muuzaji akikosa kufika mmepoteza mwezi mzima. Mtafutie usafiri kama ni mzee. Ni pesa ndogo.

Kuna kaburi kwenye boma.

Liulize wazi, hasa magharibi, hata kama halionekani: kaburi lisilosakafiwa hugeuka nyasi baada ya miaka michache. Kufukua kunahitaji idhini rasmi na mkono wa afya ya umma, na familia nyingi hazitakubali. Njia ya busara zaidi ni mpima ardhi kukata sehemu hiyo ibaki kwa familia, na bei ipungue kwa ukubwa huo. Kama haikatiki, andikeni kwenye mkataba nani atazuru na lini. Kunyamaza hadi siku ya kumbukumbu ya marehemu ni kujitafutia kesi.

Nyumba yenyewe niikague vipi?

Nenda mara mbili: siku ya jua, na siku mvua imenyesha vizuri. Nenda na fundi asiye rafiki wa muuzaji.

Tambarare ya Kano na sehemu za chini za Kisumu zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi. Msingi ambao haukuchimbwa hadi kwenye udongo mgumu hupanda na kushuka nao, na kuta hukatika kwa mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha na milango. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si hoja. Ufa unaoingiza sarafu, au unaoonekana ndani na nje mahali pale pale, ni wa muundo. Ukiona umepakwa rangi mpya juu ya ukuta mmoja tu, uliza kwa nini. Upande wa Nyando na Nyamasaria angalia alama za maji ukutani na uwaulize majirani mafuriko yalifika wapi.

Nakuru ina shida nyingine. Udongo wa majivu ya volkano huoshwa chini kwa chini mvua ikizidi, na ardhi hufunguka mitaro. Uliza kama mtaani kumewahi kutokea hivyo. Upande wa Mwariki na Baruti, kumbuka ziwa lilivyopanda na kuingia makwao watu. Na maji ya kisima cha kuchimba Nakuru huwa na floraidi nyingi, ndiyo sababu ya meno ya kahawia. Ikiwa nyumba inategemea kisima, yapime. Nyumba yenye maji ya NAWASSCO (kampuni ya maji ya Nakuru) na yenye kisima pekee haziwezi kuwa bei moja.

Fungua tangi la maji taka. Linganisha namba za mita za umeme na maji na zile za bili. Omba ramani ya jengo iliyoidhinishwa na kaunti. Vyumba vilivyoongezwa nyuma bila idhini unanunua pamoja na hatari yake.

Dipoziti iwe ngapi, na nimpe nani?

Kawaida ni asilimia 10, baada ya mkataba kutiwa sahihi, kupitia benki hadi akaunti ya wateja ya wakili, ikishikwa hadi uhamisho usajiliwe. "Pesa ya kushika nyumba" kabla ya sachi haina maana. Kukatakata dipoziti kwa M-Pesa nako ni kubaya: muamala mmoja hauzidi 250,000, na baadaye utakuwa na msururu wa meseji zisizosema pesa zilikuwa za nini.

Muuzaji wa mara ya kwanza atataka dipoziti mkononi. Mweleze inakaa wapi na kwa nini. Akisisitiza kwa sababu ya karo, mwachie sehemu ndogo tu, kwa maandishi, baada ya hati halisi kuwa kwa wakili na kibali cha bodi kupatikana. Kiasi ambacho kikipotea hutalala njaa.

Tutumie wakili mmoja kupunguza gharama?

Hapana. Hata kama wewe ndiwe unayefaidika na ukimya wa muuzaji, usifurahie. Mzee aliyetia sahihi bila ushauri wake mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kusema alishawishiwa, na jaji atamsikiliza. Wakili wake ni kinga yako.

Mkataba uwe na nini?

Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, umetiwa sahihi na wote, mbele ya shahidi. Karatasi ya daftari iliyogongwa muhuri wa chifu inaweza kuonyesha pesa zilipita, ila msajili hahamishi ardhi kwa karatasi hiyo.

Vinavyosahaulika zaidi ni hivi: orodha ya vinavyobaki ndani ya nyumba, nani analipa kodi ipi, tarehe ya kuhama na faini ya kila siku akichelewa, na dipoziti itarudi ndani ya siku ngapi mambo yakikwama. Muda wa kukamilisha huwa siku 90. Kwa muuzaji asiye na karatasi tayari, tungependekeza 120. Ni afadhali muda mrefu wa kweli kuliko mfupi unaovunjwa.

Nyumba ina mkopo wa benki.

Si tatizo, mradi sachi na muuzaji wanasema kitu kimoja. Pata barua ya benki yenye salio la mkopo. Mawakili hukubaliana kwamba sehemu ya pesa zako iende moja kwa moja kulipa deni, benki itoe hati na fomu ya kufuta rehani, na masazo yaende kwa muuzaji. Asipewe yeye akalipe.

Kuna wapangaji.

Amueni kama unanunua nyumba tupu au pamoja nao. Ukibaki nao, dipoziti walizoweka zikatwe kwenye bei, kwa kuwa watakaporudi kudai watakuja kwako.

Ameongeza bei baada ya kutia sahihi.

Usijibu kwa hasira wala usikubali kwa mdomo. Kaa naye ujue ni nani aliyemtia maneno. Mara nyingi ni mwana aliyerudi kutoka Nairobi, na hesabu ikiwekwa mbele yake wakati mwingine hutulia. Ikishindikana, wakili wako hutuma notisi ya kukamilisha, kwa kawaida ya siku 21, kisha uchague kudai nyumba mahakamani au kurudishiwa pesa na fidia iliyoandikwa. Huku hayo yakiendelea, weka zuio ili asiuzie mwingine.

Siku ya kukabidhiana iwe vipi?

Kabla ya salio kutoka, wakili wako awe ameshika hati halisi, fomu za uhamisho zilizotiwa sahihi nakala tatu, kibali cha bodi, vyeti vya kumaliza kodi, nakala za kitambulisho na PIN, picha za pasipoti, kiapo cha mwenzi na risiti ya kodi ya faida. Nyumbani, nenda asubuhi, siku ya kazi. Piga picha mita zote zikionyesha usomaji, jaribu kila funguo kwenye kila mlango, fungua mabomba yote kwa pamoja, na mwandikiane ukurasa mmoja wenye tarehe na sahihi. Badilisha vitasa siku hiyo hiyo. Kisha pelekeni maombi ya kubadilisha jina la akaunti ya maji na umeme muuzaji akiwa bado yuko mjini. Akishapanda gari la kwenda Busia, sahihi yake inapatikana kwa nauli yako.